Matokeo ya shule ndogo: Usihukumu kabla ya kuwahesabu wanafunzi

KILA mara matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, wazazi huuliza swali moja kwanza: Je, shule yetu imepata wastani wa ngapi? Swali hilo ni halali. Hata hivyo, kwa shule ndogo ya umma yenye wanafunzi kumi au ishirini pekee katika Gredi ya 9, jibu lake laweza kumpotosha mzazi badala ya kumwelekeza.

Shule za aina hiyo si chache humu nchini. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, yaani CBC, lilipojiunga na Gredi ya 7 mapema mwaka 2023, serikali iliamua kwamba sekondari msingi ipewe makao katika shule za msingi zilizopo. Uamuzi huo ulitokana na pendekezo la Jopokazi la Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu lililoongozwa na Prof Raphael Munavu.

Hoja zilikuwa nzito. Mtoto wa miaka 12 bado ni mchanga kupelekwa bwenini. Aidha, shule za msingi ziko karibu na nyumbani, na madarasa yaliyotumiwa na Darasa la Saba na la Nane yangebaki wazi mfumo wa 8-4-4 ulipokuwa ukifikia kikomo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Kenya ina shule za msingi za umma zaidi ya 23,000. Watoto wa Gredi ya 7, 8 na 9 walipotawanywa katika shule hizo, zile kubwa za mijini zilifurika, ilhali nyingi za mashinani zikajikuta na darasa moja kwa kila gredi, na darasa lenyewe likiwa na watoto wanaoweza kuketi kwenye madawati manne.

Leo shule hizo hupimwa kwa mizani ile ile inayopimia shule zenye mamia ya watahiniwa. Na mizani hiyo ina uzito. Hutumiwa kuamua ni shule gani ya sekondari pevu mtoto atapelekwa katika Gredi ya 10. Huwafanya wazazi wahamishe watoto. Hutajwa pia katika vikao ambapo hatima ya shule yenyewe inajadiliwa: iendelee kuwapo au iunganishwe na jirani yake?

Ndiyo maana inafaa msomaji aelewe takwimu hizi hutokana na nini, na ni kwa nini matokeo ya shule ndogo hayawezi kusomwa bila kujua ni akina nani walioketi darasani.

ALAMA HUPATIKANAJE?

Mtihani wa kwanza wa kitaifa wa kuhitimisha sekondari msingi, KJSEA, ulifanywa mwishoni mwa mwaka 2025, na zaidi ya watahiniwa milioni 1.1 waliufanya. Matokeo yalitangazwa Desemba mwaka huo, nao wanafunzi hao wakaanza Gredi ya 10 Januari 2026.

Tofauti na KCPE, ambapo mtoto alihukumiwa kwa siku chache za mtihani na alama 500, alama ya mwisho ya mwanafunzi wa Gredi ya 9 hujengwa kwa vipande vitatu. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA. Asilimia 20 nyingine hutokana na tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 iliyobaki ni ya mtihani wenyewe.

Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, hupanga matokeo katika viwango vinane. Ngazi kuu ni nne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio. Kila ngazi imegawanywa mara mbili. Kiwango cha juu kabisa hupewa pointi nane, na cha chini kabisa pointi moja. Kwa kuwa masomo ni tisa, mwanafunzi aliyefanya vyema kupindukia katika yote hupata pointi 72.

Masomo hayo ni Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Masomo ya Kijamii, Elimu ya Dini, Kilimo, masomo ya awali ya ufundi, na Sanaa na Michezo. Hapo mwanzo yalikuwa mengi zaidi, lakini yalipunguzwa kufuatia mapendekezo ya jopokazi la Prof Munavu.

Nia ya utaratibu huu ni kumpa mtoto picha pana ya uwezo wake ili aelekezwe katika mojawapo ya njia tatu za sekondari pevu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Nia haikuwa kuzipanga shule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini mazoea yana taabu. Mara tu matokeo yanapofika, walimu wakuu hujumlisha pointi, hugawanya kwa idadi ya watoto, na wastani huanza kusafiri kwa simu kutoka kijiji hadi kijiji.

HESABU YA WACHACHE

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ina watahiniwa 12 wenye wastani wa pointi 43. Jumla ya pointi zao ni 516. Sasa tuseme kwamba kabla ya mtihani, wanafunzi wawili hodari, ambao kila mmoja angepata pointi 62, wanahamia shule ya kibinafsi mjini. Watoto 10 waliobaki wana jumla ya pointi 392, na wastani unashuka hadi 39.2.

Hakuna mwalimu aliyezembea. Hakuna mtoto hata mmoja aliyepata alama duni kuliko ambavyo angepata. Lakini kijijini itasemwa kwamba shule imeporomoka kwa takriban pointi nne.

Tulinganishe na shule ya mjini yenye watahiniwa 240 na wastani uo huo wa 43. Wawili wenye pointi 62 kila mmoja wakiondoka, wastani unakuwa 42.8. Hakuna atakayeona tofauti.

Hali kadhalika kwa asilimia. Katika darasa la watoto 12, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 8. Ikisemwa kwamba asilimia 25 ya wanafunzi wa shule hiyo walikuwa chini ya matarajio, maana yake ni watoto watatu. Huenda mmoja alikuwa mgonjwa wiki ya mtihani, na mwingine alijiunga na shule muhula wa pili akitokea kaunti nyingine. Asilimia huficha watu, na darasa likiwa dogo huficha zaidi.

Wataalamu wa takwimu wamelijua jambo hili tangu karne ya 18, wakati mwanahisabati Abraham de Moivre alipoonyesha kwamba wastani wa kundi dogo huyumba kuliko wa kundi kubwa. Ikiwa watoto wa shule zote mbili wanatofautiana kwa uwezo kwa kiasi sawa, wastani wa watoto 12 utapanda na kushuka kwa bahati nasibu zaidi ya mara nne kuliko ule wa watoto 240.

Nchini Marekani, kutolizingatia jambo hili kuliwagharimu watu fedha nyingi. Katika miaka ya 1990 na 2000, ilionekana kwamba shule ndogo zilikuwa nyingi miongoni mwa zilizoongoza. Wafadhili, ukiwemo Wakfu wa Bill na Melinda Gates, wakatumia mamilioni ya dola kuunda shule ndogo na kugawanya zile kubwa.

Mwaka 2006, wanatakwimu Howard Wainer na Harris Zwerling walichunguza matokeo ya shule za jimbo la Pennsylvania wakaonyesha upande wa pili wa sarafu. Shule ndogo zilikuwa nyingi kupita kiasi miongoni mwa zilizoongoza, na vilevile miongoni mwa zilizovuta mkia. Udogo haukuwa umezipa ubora wala uduni. Ulikuwa umezifanya ziyumbe tu.

Funzo kwetu ni bayana. Shule ndogo iliyong'aa mwaka mmoja isipewe sifa za kupindukia, na iliyoanguka mwaka mmoja isifungiwe virago. Wastani wa miaka mitatu mfululizo, ambapo watoto 12 wa kila mwaka huwa 36 kwa jumla, husema ukweli zaidi kuliko wa mwaka mmoja.

NI AKINA NANI WALIO DARASANI?

Ukishajua idadi, swali la pili ni la wanafunzi wenyewe. Watoto hawaji shuleni wakiwa sawa. Umri, jinsia, lugha ya nyumbani, umbali wanaotembea, elimu ya mama na hali ya ulemavu ni mambo yanayoingia darasani kabla ya mwalimu kushika chaki.

Tafiti za Uwezo, zilizoanza kuwapima watoto nyumbani kwao humu nchini mwaka 2009, zilionyesha kwamba ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa Darasa la Tatu walioweza kufanya kazi ya Darasa la Pili. Zilionyesha pia kwamba watoto wa familia maskini, na wale ambao mama zao hawakusoma, walibaki nyuma.

Mtoto aliyefika Gredi ya 7 bila kusoma aya kwa ufasaha hawezi kugeuzwa kuwa bingwa wa Sayansi Jumuishi kwa miaka mitatu. Shule inayompokea mtoto huyo ikamfikisha kwenye kiwango cha kukaribia matarajio huenda imefanya kazi kubwa kuliko shule iliyompokea mtoto hodari ikamwacha alipokuwa. Wastani hauwezi kutofautisha kazi hizo mbili.

Kundi la kwanza la KJSEA lina historia yake ya pekee. Shule zote zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la Covid-19, watoto hawa walikuwa Gredi ya 4. Walirudi Oktoba mwaka huo pamoja na watahiniwa wa Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Waliokuwa na simu, vitabu na mzazi wa kuwasomesha nyumbani hawakupoteza sawa na waliokwenda kuchunga mbuzi. Kisha katika kaunti kame, misimu mitano mfululizo ya mvua haba ilifuata kuanzia mwishoni mwa 2020, na familia nyingi za wafugaji zikahama na watoto wao.

Jinsia nayo ina uzito wake. Gredi ya 7 hadi ya 9 ni miaka ambayo msichana anabaleghe. Sheria ilifanyiwa marekebisho mwaka 2017 ili wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, na mwaka 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kuwarejesha shuleni waliopata ujauzito. Pamoja na hayo, katika maeneo ambako ndoa za mapema na ukeketaji havijakoma, darasa lililoanza na wasichana wanane laweza kumaliza na watano.

Katika shule kubwa, kuondoka kwa wasichana watatu ni nambari ndogo kwenye jedwali. Katika shule ndogo ni zaidi ya theluthi moja ya wasichana wote wa darasa hilo. Tena huenda wastani wa shule ukapanda wakishaondoka, ikiwa walikuwa wamebaki nyuma kimasomo. Shule itashangiliwa kwa kupoteza watoto.

Hatari hii si ya kinadharia. Enzi za KCPE, zilikuwapo shule zilizowalazimisha wanafunzi dhaifu kurudia darasa au kuwasajili kwingineko ili zisiharibiwe wastani. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kulaumiwa kwa mtindo wa kuorodhesha shule, ambao Wizara ya Elimu iliupiga marufuku mwaka 2014 wakati Prof Jacob Kaimenyi alipokuwa waziri.

WALIMU, VIPINDI NA FEDHA

Jambo la tatu ni rasilmali. Hapa hesabu ni rahisi, nayo inasikitisha.

Ratiba ya sekondari msingi ina vipindi 40 kwa wiki kwa kila gredi. Shule yenye darasa moja kwa Gredi ya 7, moja kwa ya 8 na moja kwa ya 9 inahitaji vipindi 120 vifundishwe kila wiki, iwe kila darasa lina watoto watano au hamsini.

Shule ikiwa na walimu wawili wa kiwango hicho, na kila mmoja afundishe kila kipindi bila kupumzika wala kusahihisha madaftari, watafundisha vipindi 80. Vipindi 40, yaani theluthi moja ya ratiba nzima, havina mwalimu. Wakifundisha vipindi 30 kila mmoja, mzigo ambao tayari ni mzito, watafundisha nusu tu ya vipindi vinavyotakiwa.

Isitoshe, mwalimu wa sekondari humu nchini kwa kawaida huhitimu kufundisha masomo mawili. Masomo tisa yanahitaji angalau walimu watano wenye ujuzi unaotofautiana. Shule yenye mwalimu wa Kiswahili na Dini na mwingine wa Jiografia na Historia haina anayeweza kusimamia majaribio ya kisayansi. Kisha matokeo ya Sayansi Jumuishi yanapokuwa duni, watu husema kwamba watoto wa eneo hilo hawapendi sayansi.

Upungufu huu una athari hata kwa ile asilimia 20 ya tathmini za shuleni. Katika shule kubwa, walimu watatu wa somo moja huweza kulinganisha usahihishaji wao. Katika shule ndogo, mwalimu mmoja hutunga kazi, huisimamia na kuisahihisha, pengine katika somo ambalo hakulisomea. Anaweza kuwa mkali mno au mpole mno, na hakuna wa kumrekebisha.

Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilijaribu kuziba pengo hilo kwa walimu wanagenzi walioajiriwa kwa kandarasi na kulipwa Sh20,000 kwa mwezi. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba iliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka sheria. Mwezi uliofuata walimu hao waligoma, na masomo yakakwama katika shule nyingi. Takriban walimu 46,000 walipewa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Kwa shule yenye walimu kumi, mgomo ule ulipunguza kasi. Kwa shule ambayo mwalimu wake wa pekee wa sekondari msingi alikuwa mwanagenzi, mgomo ulimaanisha kwamba hapakuwa na shule. Watahiniwa wa 2025 walikuwa Gredi ya 8 wakati huo.

Kaskazini mwa nchi, usalama huongeza uzito wa tatizo. Baada ya walimu kuuawa katika shambulio la basi Mandera mnamo Novemba 2014, na wengine watatu kuuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka. Shule ndogo ikipoteza mwalimu mmoja hupoteza masomo mawili kwa mkupuo.

Tuje kwenye fedha. Serikali iliweka mgao wa Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 36 katika gredi zote tatu hustahili Sh541,512. Yenye wanafunzi 450 hustahili Sh6,768,900. Hiyo ni pale ambapo mgao unafika wote na kwa wakati.

Mgao wa kuhesabu vichwa unaonekana wa haki, lakini gharama nyingi hazihesabu vichwa. Bei ya darubini haipungui kwa sababu wanafunzi ni wachache. Mlinzi wa usiku hadai mshahara kwa idadi ya madawati. Chumba cha maabara kinahitaji kuta nne na paa, kiwe cha watoto 12 au 40.

Hapa ndipo kishawishi cha udanganyifu kinapozuka. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotolewa mwaka 2025 ilifichua kwamba fedha za umma zilikuwa zimetumwa hata kwa shule zisizokuwapo, na Wizara ya Elimu ikaanza kuhakiki idadi ya wanafunzi kote nchini. Uhakiki ni jambo jema, kwa sababu mtoto hewa humwibia mtoto wa kweli. Lakini wapo pia watoto wa kweli wasioonekana: kwa miaka mingi mfumo wa usajili wa NEMIS ulidai cheti cha kuzaliwa, na mtoto asiye nacho alikaa darasani bila kuhesabiwa wala kuletewa mgao.

KWA NINI SHULE ZINAZIDI KUWA NDOGO?

Ni vyema kutofautisha aina mbili za shule ndogo, kwa kuwa dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Aina ya kwanza imetokana na watu kuzaa watoto wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke Mkenya alitarajiwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulipata kiwango cha watoto 3.4. Katika sehemu za eneo la Kati, shule zilizojengwa kwa nguvu za harambee wakati vijiji vilikuwa vimejaa watoto sasa zina madarasa matupu.

Ujenzi wenyewe haukukoma. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa mwaka 2003, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka huo huo Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge ilibuniwa, na shule mpya zikawa mradi ambao kila mwanasiasa alitamani kuuzindua. Nyingine zilijengwa kilomita moja tu kutoka kwa zilizokuwapo. Sasa shule mbili zinagawana watoto ambao wangetosha moja.

Wazazi wenye uwezo nao huwahamishia watoto wao shule za kibinafsi au za mijini. Wanaobaki huwa wachache na, mara nyingi, maskini zaidi. Wastani ukishuka, wengine huondoka. Ni mduara usio na mlango: matokeo huwafukuza wanafunzi, na kuondoka kwa wanafunzi huharibu matokeo.

Aina ya pili ni ya maeneo ambako watoto ni wengi lakini ardhi ni kubwa kuliko watu. Utafiti huo wa 2022 ulipata kwamba mwanamke wa Mandera alitarajiwa kuzaa watoto 7.7, zaidi ya mara mbili ya wastani wa kitaifa. Shule huko huwa ndogo kwa sababu ya umbali, kuhamahama, na watoto kuacha masomo kabla ya Gredi ya 7.

Kuunganisha shule mbili zilizotenganishwa na ua katika eneo la Kati kunaweza kuwapa watoto walimu watano badala ya wawili. Kuunganisha shule mbili zilizo umbali wa kilomita 15 Turkana au Marsabit ni njia nyingine ya kuwaambia watoto wa shule moja wakae nyumbani. Na wa kwanza kukaa atakuwa msichana.

Suluhu kwa aina hii ya pili ni mwalimu anayezunguka kati ya shule mbili au tatu, bweni la gharama nafuu linalolindwa vyema, na mgao wa chini usiotegemea idadi ya vichwa. Wanaopanga bajeti wanapaswa kukubali kwamba kumfundisha mtoto mmoja Loiyangalani kutagharimu zaidi ya kumfundisha mtoto mmoja Thika, na kwamba Katiba ya 2010 iliwapa wote wawili haki moja ya elimu ya msingi.

Isisahaulike kwamba udogo una heri zake. Katika darasa la watoto 12, mwalimu humjua kila mtoto kwa jina na humjua mzazi wake. Asiyefika Jumatatu huulizwa Jumanne. Mtaala wa umilisi, unaomtaka mwalimu amwangalie mtoto akitenda, umeundwa kwa madarasa ya namna hiyo kuliko yale ya watoto 80. Kinachokosekana ni walimu na vifaa.

MASWALI YA MZAZI

Mzazi anayetaka kujua kama shule ndogo inamfaa mwanawe afanye nini basi? Asitupilie mbali matokeo. Ayasome, lakini aongeze maswali machache.

Kwanza, watoto wangapi walianza Gredi ya 7, na wangapi walifanya mtihani wa Gredi ya 9? Ikiwa 18 waliingia na 12 wakahitimu, mwalimu mkuu aeleze sita wako wapi. Jibu hilo husema mengi kuliko wastani.

Pili, wavulana ni wangapi na wasichana ni wangapi, mwanzoni na mwishoni? Tatu, watoto hao walikuwa katika kiwango gani katika KPSEA walipotoka Gredi ya 6? Shule inayowapandisha watoto ngazi moja inafaa kuheshimiwa hata kama wastani wake uko chini ya wa jirani.

Nne, ni masomo gani kati ya yale tisa yana mwalimu aliyeyasomea, na ni vipindi vingapi kwa wiki hukosa mwalimu? Tano, matokeo ya miaka mitatu kwa pamoja yanaonyesha nini?

Bodi ya usimamizi ina haki na wajibu wa kudai majibu hayo, kisha iyaweke wazi kwenye mkutano wa wazazi. Hata hivyo, uangalifu unahitajika: katika darasa la watoto 12, kutangaza matokeo ya mtoto wa pekee mwenye ulemavu ni sawa na kumtaja jina. Takwimu za shule ndogo zisiwe chombo cha kumwaibisha mtoto.

Nao maafisa wa elimu wa kaunti ndogo wasipeleke ripoti ya wastani pekee jijini Nairobi. Kando ya kila wastani pawe na idadi ya watahiniwa, idadi ya waliopotea njiani, na idadi ya walimu. Safu tatu za ziada kwenye jedwali hazigharimu chochote, lakini zinaweza kuiokoa shule isifungwe kwa kosa la watoto wawili kuhama.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Shule iliyoongoza iliundwa na walimu, fedha na watoto waliofika wakiwa tayari. Iliyozama nayo ilikosa mbao. Kabla ya kumlaumu nahodha, tuhesabu kwanza mbao alizopewa, na abiria aliowabeba.